Wiki 12 za Kushusha Kolesteroli: Jikoni na Njiani Nairobi

Mwaka juzi nilitoka katika kliniki moja hapa mjini nikiwa na karatasi ya maabara mkononi na ushauri wa maneno mawili tu: punguza mafuta. Nilitembea hadi kituo cha matatu nikijiuliza ni mafuta gani, niyapunguze kutoka wapi, na kwa kiasi gani. Nilikuwa na umri wa miaka 51, sikuwa navuta sigara, na nyama choma nilikuwa naila labda mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo kwa kweli sikuona cha kupunguza. Ilinichukua majuma kadhaa ya kuuliza, kusoma na kupima vitu jikoni kwetu katika mtaa wa Umoja kabla ya kutambua kwamba ile nyama choma niliyokuwa nikiihofia ilikuwa na uzito mdogo kuliko vikombe vinne vya chai vya kila siku, mandazi ya asubuhi, na mafuta ya kupikia yaliyomiminwa kila jioni bila mtu yeyote kuyapima. Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa karatasi kama yangu na kuachwa na maswali kama yangu. Unaeleza la kufanya kwa wiki 12, kuanzia siku ya kipimo cha kwanza hadi siku ya kurudi maabara, kwa vyakula na njia ambazo mkazi wa kawaida wa Nairobi anazo tayari.

Anza kwa kuisoma karatasi

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili unayahitaji ili kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni na nyongo. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini lenyewe, na sehemu ndogo hutoka kwenye chakula. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, husafirishwa katika damu yakiwa ndani ya vifurushi vyenye protini, na vifurushi hivyo ndivyo vinavyotajwa kwenye karatasi ya maabara. LDL hubeba kolesteroli kutoka kwenye ini kwenda sehemu nyingine za mwili, na inapozidi hupenya ndani ya kuta za mishipa na kujibanza humo, ikijenga tabaka linaloifanya njia ya damu kuwa nyembamba na linaloweza kupasuka ghafla na kuleta mshtuko wa moyo au kiharusi. HDL hufanya kazi ya kuirudisha kolesteroli kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, nayo hupanda hasa kwa sababu ya sukari, pombe, vyakula vya wanga uliokobolewa na uzito uliozidi.

Maabara nyingi za hapa hutoa majibu kwa milimoli kwa lita. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo wala kisukari, jumla ya kolesteroli inafaa isizidi 5, LDL iwe chini ya 3, trigliseridi ziwe chini ya 1.7, na HDL iwe zaidi ya 1.0 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hutakiwa kuishusha LDL hadi chini ya 1.8, na mara nyingi daktari wake atataka ishuke hata zaidi ya hapo.

Karatasi yangu ilionyesha jumla ya 6.4, HDL ya 1.1, trigliseridi 2.2 na LDL ya 4.3. Inafaa ujue kwamba mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja, bali hukokotolewa: unachukua jumla, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwangu ilikuwa 6.4 toa 1.1 toa 1.0, ikabaki 4.3. Hesabu hiyo haitegemeki trigliseridi zinapozidi 4.5. Ninaieleza kwa sababu nimeona watu wakitishwa na namba ya jumla peke yake, ilhali jumla inaweza kuwa juu kwa kuwa HDL ni nyingi, na nimeona wengine wakijipongeza kwa jumla nzuri huku LDL yao ikihitaji kushughulikiwa.

Kabla hujakilaumu chakula, muulize daktari kama kuna ugonjwa mwingine unaoipandisha kolesteroli. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni inapofanya kazi polepole, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya magonjwa ya figo huweza kufanya hivyo, na hapo utahangaika na sukuma wiki bila kuona mabadiliko. LDL inapofika 4.9 au zaidi, inafaa kuchunguza kama ni jambo la kurithi. Hali hiyo ya kurithi si nadra kama watu wanavyodhani, kwani humpata takriban mtu 1 kati ya 250, na inahitaji dawa pamoja na chakula. Kolesteroli haiumi, haikohoi wala haichoshi, kwa hiyo usisubiri dalili ndipo uchukue hatua.

Chupa ya mafuta ya kupikia

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo faida kubwa ilipo. Ini lina vipokezi vinavyoidaka LDL inayopita katika damu na kuiondoa. Kazi ya kuvigundua vipokezi hivyo iliwapatia Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1985. Mafuta mazito, yale ambayo wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba, huvifanya vipokezi hivyo vipungue, na LDL hubaki ikizunguka katika damu kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu mafuta ya aina hii hupandisha LDL kuliko hata kolesteroli iliyomo ndani ya chakula chenyewe.

Mafuta yote hayafanani. Katika mafuta ya nazi, zaidi ya sehemu nane kati ya kumi ni mafuta yaliyoshiba. Katika siagi na katika mafuta ya mawese ni karibu nusu. Katika alizeti ni takriban sehemu moja kati ya kumi, na kanola iko chini zaidi, ilhali soya na mahindi zimezidi kidogo tu. Tatizo la jikoni za Nairobi ni kwamba mafuta mengi yanayouzwa kwa bei nafuu kwa jina la mafuta ya mboga hutokana na michikichi, yawe ya chupa, ya pakiti au yale ya kupimiwa kwenye kibanda. Maandishi ya chupa huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo geuza chupa upande wa nyuma na utafute neno palm. Ukilikuta, hayo ni ya mawese. Asubuhi za baridi za mwezi wa Julai mara nyingine utayaona yenyewe yakiwa yameingia ukungu mweupe na kuganda chini ya chupa, wakati ya alizeti yamebaki maangavu. Yale ya kopo yaliyoganda mwaka mzima yaache kabisa, na ukiona neno hydrogenated kwenye kifungashio chochote, kirudishe rafuni, kwa maana mafuta yaliyogandishwa nusu kiwandani huipandisha LDL na kuishusha HDL kwa wakati mmoja.

Aina ni nusu ya habari, na nusu nyingine ni kiasi. Jioni moja nilimuuliza mke wangu, "Mama Amani, chupa hii tuliifungua lini?" Akanijibu, "Ijumaa, Baba Amani. Na leo ni Jumatano tu, na imeisha." Ilikuwa chupa ya lita moja, nasi tuko wanne nyumbani. Tulichukua kalamu tukafanya hesabu: mililita 1,000 kwa siku tano ni mililita 200 kwa siku, yaani mililita 50 kwa kila mtu, ambazo ni vijiko vikubwa vitatu na zaidi kila siku, watoto wakiwemo. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa anakula vyakula vya kukaangwa vya ajabu. Ulikuwa ni ugali, sukuma, mchuzi wa ndengu, chapati za Jumapili na mayai ya asubuhi.

Tangu siku hiyo kila chupa mpya huandikwa tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu ya wino mzito, na lengo letu ni chupa ya lita moja idumu siku 14 kwa watu wanne. Hiyo ni mililita 18 hivi kwa kila mtu, yaani zaidi kidogo ya kijiko kimoja kikubwa. Hili ndilo jambo la kwanza ninalokuomba ufanye kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote, kwa kuwa halihitaji pesa wala nguvu, na litakuonyesha nyumba yako ilipo. Tulipofika kwenye siku 14 tuligundua pia kwamba tunamudu mafuta ya alizeti, kwa sababu lita mbili na kidogo za alizeti kwa mwezi zilitugharimu kidogo kuliko lita sita za yale tuliyokuwa tukiyatumia.

Namna ya kufika huko ni hii. Usimimine kutoka kwenye chupa; mimina kwenye kijiko kwanza, kisha kwenye sufuria. Kitunguu kikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta, ufunike sufuria, na kinapoanza kushika ongeza maji vijiko viwili badala ya mafuta, kisha urudie hadi kiive na kiwe cha rangi ya dhahabu. Nyanya zikishaingia, mchuzi hautahitaji mafuta zaidi. Sukuma wiki, managu na terere hutosheka na kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Chapati ndizo zilizotupa taabu, kwa kuwa mafuta huwa ndani ya unga, kati ya matabaka na juu ya kikaango. Sasa tunakanda unga wa atta kwa maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha mafuta, tunazikausha kwenye kikaango kikavu, kisha tunazipaka kwa brashi upande mmoja tu. Hazina ule ulaini wa zamani, lakini wiki ya tatu hakuna aliyezilalamikia tena.

Kwa upande wa nyama, fanya jaribio hili. Pika mchuzi wa ng'ombe jioni kama kawaida, uuache upoe, kisha uuweke ndani ya jokofu usiku kucha. Asubuhi utakuta juu yake kifuniko cheupe kilichoganda, ambacho unaweza kukiinua kwa kijiko vipande kwa vipande. Mara ya kwanza nilikiweka kile cheupe kwenye kikombe cha chai nikakuta kimejaa zaidi ya nusu, nao ulikuwa mchuzi wa kilo moja tu. Kitoe, ukipashe moto kilichobaki hadi kichemke, na ladha utaikuta palepale. Ukiwa kibandani na umeagiza supu, hakuna aibu kusema, "Mama, naomba unitolee mafuta ya juu". Wengi wao watafanya hivyo bila swali.

Nyama ya mbuzi isiyo na mafuta ya pembeni na kuku aliyeondolewa ngozi ni afadhali kuliko mbavu za ng'ombe. Soseji, smokies na mutura viwe vya nadra sana. Mayai yamesingiziwa kupita kiasi: kiini kimoja kina kolesteroli ya miligramu 190 hivi, lakini kwa watu wengi yai moja kwa siku halibadilishi sana LDL, hasa likiwa la kuchemsha na kuliwa na kachumbari. Mwenye kisukari au LDL iliyopanda sana azungumze na daktari kuhusu idadi. Maini ndiyo niliyoyapunguza hadi mara moja kwa mwezi.

Ndugu zangu wenye asili ya Pwani wataniuliza kuhusu wali wa nazi na mbaazi za nazi. Siwezi kumwambia mtu aachane na chakula alicholelewa nacho, ila namwomba atumie tui jepesi, aliache tui zito, na siku ya nazi iwe ni siku moja ya wiki ambayo anaijua.

Chai na vinavyoandamana nayo

Kikombe cha mililita 250 cha chai iliyopikwa kwa nusu maziwa na nusu maji kina takriban gramu 4 za mafuta ya maziwa, na karibu theluthi mbili ya hayo ni mafuta yaliyoshiba. Vikombe vinne kwa siku vinakupa gramu 11 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Kwa hiyo chai peke yake ilikuwa inakula nusu ya mgao wangu kabla sijagusa chakula, na hapo sijahesabu vijiko vinane vya sukari vilivyokuwa vinapandisha trigliseridi.

Sikuiacha chai, na sikushauri uiache. Nilibakiza kikombe kimoja cha maziwa asubuhi, kilichopikwa kwa robo maziwa na robo tatu maji, nikaondoa utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa, na vikombe vingine nikavifanya vya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, yenye tangawizi. Sukari niliishusha kijiko nusu kila wiki hadi kikabaki kijiko kimoja, na ulimi ulizoea. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta yanapatikana madukani kwa anayependa, na maziwa ya mgando ya aina hiyo pia yanafaa. Wanywaji wa kahawa wajue kwamba kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi ina vitu vinavyopandisha LDL, na ile iliyochujwa kwa karatasi haina tatizo hilo.

Mandazi ya asubuhi nilibadilishana na viazi vitamu au nduma iliyochemshwa, ambavyo kwa mama mboga wa karibu hupatikana vikiwa vimeiva kabisa. Sikuona taabu yoyote katika badiliko hilo, na ndilo lililonishibisha zaidi hadi saa saba.

Vya kuongeza kwenye sahani

Kupunguza peke yake huchosha mtu haraka. Kuna vyakula vinavyoishusha LDL kwa nguvu zake vyenyewe, navyo vingi ni vya kwetu. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji hugeuka kuwa kama uji mzito ndani ya utumbo, hushikana na nyongo na kuitoa nje pamoja na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi ya nyongo ni kolesteroli, kwa hiyo huichota kutoka kwenye damu.

Maharagwe, ndengu, kunde, njahi, mbaazi na kamande zina nyuzinyuzi hizo kwa wingi. Sehemu ya gramu 130 hivi za jamii ya kunde zilizokwisha kupikwa, ambayo ni kama robo tatu ya kikombe, ikiliwa kila siku huweza kuishusha LDL kwa takriban asilimia 5. Githeri isiyokaangwa kwa mafuta mengi ni chakula cha dawa kwa maana hiyo, na nimekuwa nikiipendekeza kwa wenzangu kazini ambao hulipa pesa nyingi zaidi kwa chipsi. Loweka maharagwe usiku, umwage maji hayo, ndipo uyachemshe. Tumbo halitakusumbua sana, na gesi ya kupikia itadumu. Uji wa oti au shayiri unafaa pia, na ili kupata faida kamili unahitaji kama gramu 75 za oti kavu kwa siku. Bamia na mrenda, vyenye ule utelezi wake, vina nyuzinyuzi za aina hiyohiyo. Mapera, machungwa na tufaha yaliwe yenyewe badala ya kukamuliwa juisi.

Ugali wa unga wa posho mill usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe laini, lakini nisikudanganye: nyuzinyuzi za mahindi nyingi si za aina inayoyeyuka, kwa hiyo ugali huo utakushibisha mapema na kukusaidia choo kuliko utakavyoishusha LDL. Faida yake kubwa ni kwamba utakula kidogo. Ugali uwe robo ya sahani, kitoweo cha protini robo, na mboga za majani nusu nzima.

Nusu parachichi kwa siku badala ya siagi au majarini kwenye mkate, na kiganja kimoja cha njugu karanga au makadamia zisizo na chumvi, ni nyongeza ambazo mwili huzipokea vizuri kwa sababu mafuta yake mengi si ya aina iliyoshiba. Neno "badala" ni muhimu hapo, maana parachichi juu ya siagi ni nishati juu ya nishati. Omena na samaki wengine wa mafuta husaidia trigliseridi. Omena zioshe kwa maji ya moto, zikaushe kwenye sufuria kavu, kisha uzipike kwa nyanya na vitunguu bila kuzizamisha katika mafuta.

Kutembea, kupanda, kubeba

Mazoezi huishusha LDL kidogo tu, na ni vizuri ulijue hilo ili usikate tamaa. Yanachofanya vizuri ni kushusha trigliseridi, kuipandisha HDL kiasi, kupunguza shinikizo la damu na sukari, na kuutunza uzito. Misuli inayofanya kazi huchota trigliseridi kutoka kwenye damu, na athari hiyo hudumu kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi kisha hufifia. Kwa sababu hiyo saa tatu za Jumamosi pekee hazilingani na nusu saa ya siku tano. Usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya lolote.

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyehamia karibuni kutoka Mombasa asishangae pumzi kumpungukia siku za kwanza.

Mimi sikuwa na saa ya kwenda jimu, nikaamua kuitumia safari ya kazini. Matatu ya kwanza hunishusha Muthurwa, na zamani nilikuwa nachukua ya pili hadi Upper Hill. Sasa ninatembea kwa Haile Selassie Avenue, ninapita pembeni mwa Uhuru Park na kukipanda kilima hadi Community, hukohuko Upper Hill. Wiki ya kwanza ilinichukua dakika 35 na nilifika nikiwa nimelowa jasho, nikalazimika kubeba shati la pili ndani ya mfuko. Wiki ya kumi ilikuwa dakika 28. Nauli niliyookoa ndiyo iliyonunua njugu. Anayeishi au kufanya kazi mbali na mji achague kushuka vituo viwili kabla ya chake, apite njia yenye watu na mwanga, na inapowezekana akae mbali na barabara zenye moshi mzito wa magari. Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli nene. Vile vya ofisini vikae ndani ya mfuko.

Mwisho wa wiki kuna bustani ya miti ya Arboretum, na kuna Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999 usigawanywe kwa wajenzi. Kila nikiwa kwenye vijia vyake nikikutana na wazee wanaotembea polepole na familia zilizobeba watoto mgongoni, huwa nawashukuru moyoni watu wale.

Kuimarisha misuli hakuhitaji vyuma. Kaa na kuinuka kwenye kiti mara 12 bila kutumia mikono, sukuma ukuta mara 12, pumzika dakika moja, kisha urudie mara tatu. Wakazi wa ghorofa zisizo na lifti wana ngazi, na siku ambazo mifereji imekauka wana mtungi wa lita 20 wa kupandisha, ambao ukibebwa mgongo ukiwa wima na ukibadilishwa mkono kila ghorofa ni zoezi kamili.

Aliye na zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya moyo katika ukoo, amwone daktari kabla ya kuanza mwendo mkali. Ukihisi kubanwa kifuani, maumivu yanayoenea mkononi, shingoni au taya, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, simama papo hapo na uende hospitali mara moja, hata kama maumivu yametulia.

Dawa, mitishamba na sigara

Chakula na mazoezi kwa kawaida huishusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15, na kwa anayejitahidi sana zaidi ya hapo. Mwenye 3.6 anaweza kufika salama kwa njia hiyo, mwenye 5.5, au aliyewahi kupata kiharusi, hatafika bila vidonge, na hilo halimaanishi kwamba ameshindwa. Ikiwa umeandikiwa dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini, endelea nazo huku ukifuata mwongozo huu, na usiziache kwa sababu majibu yamekuwa mazuri, kwa maana yamekuwa mazuri kwa msaada wake. Misuli ikiuma bila sababu, mwambie daktari badala ya kuacha kimyakimya. Anayetumia simvastatini au atorvastatini aulize pia kuhusu balungi, kwa kuwa tunda hilo huongeza kiwango cha dawa hizo mwilini.

Maji ya ndimu ya asubuhi hayayeyushi mafuta katika mishipa. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, lakini athari yake kwa LDL ni ndogo mno kukitegemea. Inaniuma kuona watu wazima wakinunua chupa za dawa zisizo na maandishi yoyote kutoka kwa wachuuzi wa mjini na kuviweka vidonge vyao kando. Sigara huishusha HDL na kuziharibu kuta za mishipa, na pombe huzipandisha trigliseridi. Aliyeanza na trigliseridi za juu na kuacha bia kwa wiki hizi 12 ataliona badiliko kwenye karatasi.

Siku ya kurudi maabara

Rudi baada ya wiki 12, katika maabara ileile, na kwa hali ileile: kama mara ya kwanza ulifunga usiku kucha, funga tena kwa muda wa saa 9 hadi 12 ukinywa maji tu. Usipime ukiwa na homa au umetoka kuugua karibuni, maana ugonjwa huishusha kolesteroli kwa muda na utapewa furaha isiyo ya kweli. Chukua karatasi ya zamani, uzito wako wa wakati ule na wa sasa, na orodha ya dawa unazotumia.

Yangu ya pili ilisema jumla ya 5.5, HDL 1.2, trigliseridi 1.5, na LDL ya 3.6. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 88 hadi 84. LDL bado ilikuwa juu ya 3, kwa hiyo daktari aliniongezea miezi mitatu kabla ya kuamua kuhusu vidonge, na akaniuliza kama wazazi wangu waliwahi kupimwa. Hawakuwahi. Ikiwa yako itabaki 4.9 au zaidi baada ya juhudi hizi zote, waambie ndugu zako wa tumbo moja wapimwe, na uwapeleke watoto wako pia, kwa sababu mtoto wa mtu mwenye hali ya kurithi ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo.